Usiguse bolti ya kamshafti kabla hujapaka rangi

Kwenye droo ya chini ya meza yangu ya kazi, hapa Unga Limited, Arusha, kuna kichupa cha rangi ya kucha, nyeupe. Mama watoto alikitafuta mpaka akachoka, akanunua kingine. Wateja wakikiona wananitania: "Fundi, kumbe na wewe unapaka?" Napaka, ila si kucha. Napaka jino la sproketi na pingili ya cheni inayolikalia, kabla spana haijagusa bolti yoyote. Kichupa hicho kimeniokolea pesa nyingi kuliko mashine ya kusomea kodi za hitilafu za injini niliyoinunua kwa kujinyima miezi minane.

Haya nayaandikia vijana wanaojifunza kazi, na wewe mwenye gari unayeambiwa "tunafungua taiming" ukabaki unatikisa kichwa kama umeelewa. Taiming ni kupatanisha mwendo wa krankshafti, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu; zinaunganishwa na cheni au mkanda kupitia sproketi, zile gia zenye meno.

Nikiwa mwaka wa pili wa kujifunza kazi, kwenye gereji ya mzee mmoja hapa hapa mjini, ililetwa Toyota IST ya nesi. Injini ilikuwa ikigonga tik-tik-tik asubuhi, sauti inapungua kidogo injini ikishapata moto, lakini haiishi. Tulipima uwazi wa valvu tukakuta upande wa ekzosti, yaani wa kutoa moshi, silinda ya 3, umefika milimita 0.45. Kitabu cha injini ile, 1NZ-FE, kinataka 0.25 hadi 0.35 kwa ekzosti na 0.15 hadi 0.25 kwa inteki, upande wa kuingiza hewa, injini ikiwa baridi. Tapeti zake, vile vikombe kati ya kamshafti na valvu, hazina shimu, kile kisahani cha kurekebishia uwazi, ya kuchomoa juu juu. Ukitaka kurekebisha unabadilisha kikombe kizima cha tapeti, na hukifikii mpaka kamshafti itoke. Kamshafti haitoki mpaka uiachanishe na sproketi yake.

Mzee alifanya kila kitu sawasawa. Akanyanyua kamshafti ya ekzosti, akaifunga cheni kwa kamba ya katani, akanipa ncha ya kamba. "Shika hapa, dogo. Usiachie hata akiingia Rais." Akaenda kuchukua tapeti dukani. Hakuingia Rais, iliita simu. Nikahamisha kamba mkono wa kushoto, simu ikatetemeka mfukoni, nikajaribu kuizima kwa kidole kimoja, kamba ikachomoka mkononi. Nilisikia mlio mmoja tu, kama mtu ameangusha mkufu ndani ya sufuria. Cheni ilikuwa imezama ndani ya kava la mbele.

Mzee aliporudi hakunitukana. Aliangalia ndani ya lile shimo, akaniangalia mimi, akanipa spana ya ringi. "Basi leo utajua kilichomo mle." Tukafungua puli ya krankshafti, mauntini ya injini, pampu ya maji, kava lote la mbele ambalo ndani yake ndimo ilimo pampu ya oili, tukakwangua silikoni ya zamani, tukaanza taiming upya kutoka chini. Kazi ya nusu siku ikawa siku mbili. Yule dada nesi alikuwa na msiba Rombo siku ya Ijumaa. Alikwenda kwa basi na mtoto mgongoni, na mimi ndiye niliyembebea begi mpaka stendi. Njia nzima hakunisemesha. Afadhali angenisema.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kamshafti inazunguka mara moja krankshafti inapozunguka mara mbili, ndiyo maana sproketi ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Fanya hesabu: kama sproketi ya kamshafti ina meno 36, jino moja ni nyuzi 10 za kamshafti, yaani nyuzi 20 za krankshafti. Ukikosea jino moja gari linaweza kuwaka, likawa zito, linakunywa mafuta, halina nguvu pale Kisongo ukipanda. Ukikosea zaidi, kwenye injini kama 1NZ-FE, valvu inakuwa bado iko chini wakati pistoni inapanda. Hapo kitakachopinda si pistoni. Kwa hiyo kazi ya sproketi haitaki misuli hata kidogo, inataka ukumbuke kila kitu kilikuwa wapi, na kwa kuwa kichwa cha binadamu kinasahau, unakipa kichwa msaada wa rangi.

Anza na injini iliyolala usiku kucha. Hapa Arusha mwezi wa saba hilo halina shida, saa moja asubuhi chuma kinauma vidole. Toa waya wa hasi wa betri. Toa koili na plagi zote nne, maana ukiziacha utakuwa unashindana na kompresheni kila ukizungusha injini, na injini inayokupa ukinzani haikuruhusu kusimama mahali unapopataka. Fungua kava la tapeti. Zungusha krankshafti kwa bolti ya puli yake, kulia kama mishale ya saa, mpaka kijialama cha puli kifike kwenye sifuri iliyopo kwenye kava la mbele. Halafu angalia juu: alama za sproketi zote mbili ziwe zimetazama juu. Kama hazikutazama juu, pistoni namba 1 imefika kileleni, lakini kwenye zamu ya kutoa moshi, si ya kukandamiza. Zungusha mzunguko mmoja mzima tena. Vijana wengi hukosea hapa kwa sababu alama ya puli inadanganya. Inafika sifuri mara mbili kwa kila safari moja ya kamshafti.

Hapo ndipo kichupa kinatoka. Futa oili kwa kitambaa chenye petroli kidogo, rangi haishiki kwenye mafuta. Paka jino lenye alama na pingili inayolikalia, kwenye sproketi ya inteki na ya ekzosti. Mimi huweka nukta moja kwa inteki na mbili kwa ekzosti. Kisha piga picha kwa simu, picha tatu, moja kutoka juu kabisa na mbili za pembeni. Picha peke yake haitoshi, usiniambie "fundi nina picha". Picha iliyopigwa kwa pembe mbaya inaweza kukuonyesha jino la jirani, utaapa ndilo lenyewe.

Kabla ya kulegeza chochote, ziba mdomo wa kava la mbele, pale cheni inapozamia. Natumia vipande vya kanga kuukuu vyenye rangi kali, nyekundu au njano, ili nikisahau kimoja kinipigie kelele. Vikiingia viwili, vitoke viwili. Bolti moja ndogo ya kepu, vile vifuniko vinavyoishikilia kamshafti, ikidumbukia mle, utaishia kuitafuta kwa sumaku ya fimbo huku unaomba dua, na mara nyingine dua haifiki.

Sasa tenshena. Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa mtaani huiruka, halafu wanashangaa kwa nini sproketi haitaki kurudi. Tenshena ya cheni inasukumwa na oili na springi, na ina meno ya kuzuia isirudi nyuma. Cheni ikilegea tu, yenyewe inajitokeza na kukaza. Ukija kurudisha sproketi, cheni inakuwa fupi kwa milimita chache, na hizo milimita chache zitakutoa jasho mpaka jioni. Nimewahi kumkuta kijana anaipiga sproketi kwa nyundo ya mpira ili iingie. Nilimwomba nyundo, nikaiweka juu ya paa la kontena.

Kwenye 1NZ-FE kuna tundu la huduma mbele ya kava, limezibwa na bolti. Ukiifungua unaiona tenshena. Kwa bisibisi nyembamba unainua kile kibati cha kuzuia, na wakati huo huo mwenzako anaizungusha kamshafti kidogo sana kwa spana, ili cheni iisukume tenshena irudi ndani. Ikirudi, unapitisha pini ya chuma ya milimita 2 hadi 3 kwenye tundu la kibati ili ibaki imefungwa. Mimi natumia kipande cha spoku ya baiskeli nilichokikunja kichwa, kisije kikapotelea ndani. Kibandike na utepe kisicheze. Kazi hii inataka mikono minne, na mikono yote minne isiwe na simu.

Bolti ya katikati ya sproketi inafunguliwaje? Hapa ndipo naona makosa ya kutisha. Mtu anachomeka bisibisi kati ya sproketi na hedi, kichwa cha injini, ili kamshafti isizunguke, au anategemea cheni yenyewe izuie, au anaweka gia na kukanyaga breki ili injini isimame. Yote hayo unaibebesha cheni na alumini ya hedi mzigo usio wao. Angalia katikati ya kamshafti: kuna sehemu imetengenezwa kwa pembe sita, kama kichwa cha bolti kubwa. Haikuwekwa pale kama pambo. Shika pale kwa spana inayokaa sawasawa, spana isigonge ukuta wa hedi, kisha fungua bolti ya sproketi kwa mkono wa pili. Nguvu zote mbili zinakutana kwenye kamshafti yenyewe, cheni haijui hata kama kuna kitu kimetokea.

Anza na ekzosti. Legeza bolti ya sproketi, lakini usiitoe kabisa. Halafu legeza kepu za kamshafti kidogo kidogo, kwa zamu, robo mzunguko hapa, robo kule, ili kamshafti inyanyuke ikiwa imelala sawa. Ukimaliza kepu moja kabisa kabla ya nyingine, springi za valvu zitaisukuma kamshafti upande mmoja, na kepu ya alumini inaweza kupasuka. Kepu zina herufi na namba, I kwa inteki na E kwa ekzosti, na mshale unaotazama mbele. Zipange kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Zilichongwa pamoja na hedi hiyo, hazibadilishani, na hununui moja dukani.

Kamshafti ikishanyanyuka, toa bolti, achanisha sproketi, toa kamshafti. Ya inteki inatoka pamoja na gia yake kubwa huku umeishikilia cheni. Na cheni uifunge kwa kamba, kamba uifunge kwenye kitu ambacho hakina mfuko wala simu: kwenye boneti, kwenye fimbo ya kuizuia boneti, kwenye mti wa mwembe kama gari liko chini yake. Mimi sasa hivi sishiki kamba kwa mkono, na hakuna mwanafunzi wangu anayeshika kamba kwa mkono.

Hiyo gia kubwa ya inteki inataka heshima yake. Ndiyo VVT-i. Ndani yake kuna vyumba vya oili na mapanga yanayoiwezesha kuisogeza kamshafti mbele au nyuma wakati gari linakwenda. Usoni ina bolti ndogo nne. Usiziguse. Bolti yako ni moja tu, ya katikati. Injini ikizimwa na presha ya oili ikaisha, pini ya ndani inaifunga gia kwenye nafasi ya nyuma kabisa. Kabla hujaitoa, na kabla hujairudisha, hakikisha imefungwa: ishike kwa mkono ujaribu kuizungusha, isicheze.

Kijana mmoja wa Sakina aliniletea gari lililofungwa gia hii vibaya. Kamshafti ina kipini kidogo mbele, na gia ina mfereji wa kukipokea. Unaiweka gia taratibu, unaizungusha polepole huku unaisukuma, na utaisikia inazama, kama mfuniko wa ndoo unaopata mahali pake. Uso wa gia unalala kabisa kwenye bega la kamshafti, hakuna mwanya hata wa kupitisha karatasi. Yeye hakusubiri izame. Alikaza tu bolti, kwa mkono mrefu, akadhani bolti itaivuta. Ilivuta kweli, ikakiponda kipini. Gari liliwaka, taa ya cheki injini nayo ikawaka, kodi ikatoka P0016, ambayo kwa lugha ya kawaida maana yake ni kwamba kompyuta inaona krankshafti na kamshafti hazisemi saa moja. Alikuwa ameshabadilisha sensa mbili kabla ya kuja kwangu. Sensa zilikuwa zinasema ukweli tangu siku ya kwanza.

Kurudisha ni njia ile ile kinyumenyume: inteki kwanza, rangi kwa rangi, halafu ekzosti, nukta mbili kwa nukta mbili. Paka oili safi kwenye shingo za kamshafti, pale zinapokaa kepu, na vikombe vya tapeti kabla ya kufunga kepu, visianze maisha vikiwa vikavu. Bolti ya sproketi ya 1NZ-FE inakazwa kwa 64 Nm, umeshika kamshafti pale pale kwenye pembe sita. Kama huna spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, jua hii 64 ni nini: ni kama kuning'iniza ndoo yenye lita 13 za maji kwenye ncha ya mkono wa nusu mita. Si nyingi. Mafundi wetu wengi wanakaza mara mbili ya hapo kwa woga, halafu bolti inanyooka uzi, na siku ya kufunguliwa inabaki nusu ndani. Azima spana ya torki. Mimi naazimisha yangu kwa majirani hapa Unga Limited, sharti irudi jioni na isitumike kufungulia bolti.

Ukishakaza, chomoa pini ya tenshena, sikia tenshena inavyoruka na kukaza cheni, rudisha bolti ya kuziba tundu na gundi kidogo.

Halafu usipige stata.

Narudia kwa sababu najua mteja amesimama nyuma yako na anauliza "bado?". Usipige stata. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima ya krankshafti, polepole, plagi zikiwa nje. Ukigusa kitu kigumu, simama hapo hapo. Usiongeze nguvu, rudi nyuma kidogo, angalia. Mkono unasikia valvu ikigusa pistoni, stata haisikii. Baada ya mizunguko miwili alama ya puli irudi sifuri na alama za sproketi zitazame juu kama mwanzo. Hapa vijana hupata presha: rangi kwenye cheni haitarudi kwenye jino lake. Ni kawaida. Cheni ina pingili nyingi kuliko meno ya sproketi, kwa hiyo nukta ya cheni inatembea na inahitaji mizunguko mingi kabla ya kukutana tena na jino lake. Unachoangalia sasa ni alama za sproketi na puli. Rangi ya cheni imeshamaliza kazi yake.

Pima tena uwazi wa valvu. Kisha rudisha kava, plagi, koili, betri. Utakapowasha, cheni inaweza kulia sekunde moja au mbili mpaka presha ya oili ifike kwenye tenshena. Ikizidi hapo, zima.

Sasa, si kila gari ni IST, ingawa ukisimama Mnara wa Saa dakika tano unaweza kudhani hivyo.

Subaru zenye EJ20 ya kamshafti nne ni shule nyingine. Kule kuna mkanda, na mkanda ukitoka, kamshafti za upande wa kushoto zinakuwa zimebanwa na springi za valvu. Ukiigusa sproketi vibaya inaruka yenyewe, pa, na valvu za inteki na ekzosti zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe hata pistoni haijafika. Weka vidole mbali, na uishike kwa kifaa chake. Jambo la pili la Subaru ni alama. Sproketi zina mishale na zina mistari. Unapofunga mkanda unafuata mistari, mishale si ya kazi hiyo. Na mistari ikikaa sawa, pistoni zote zimesimama katikati ya silinda, hakuna iliyo juu, kwa hiyo ukishatafuta pistoni namba 1 ileee juu kama ulivyofanya kwenye Toyota, umeshapotea. Bolti zake nyingi ni za alenki, ufunguo wa pembe sita, ya milimita 10, zinaliwa kichwa usipoingiza alenki mpaka mwisho. Sproketi nyingine ni za plastiki ngumu. Usizibane kwa koleo kwenye meno.

Kifaa cha kushikia sproketi za mkanda hakihitaji kuagizwa Dubai. Changu nilimwambia jamaa wa kuchomelea wa jirani aniunganishie vipande viwili vya fleti bari kama mkasi, kila ncha na bolti iliyoingia kwenye tundu la sproketi. Kimekaa mwaka wa saba.

Na kuna Land Cruiser za utalii, ndizo zinazotulisha wengi mji huu. Injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli, cc 4164. Mkanda wake ni mfupi, unatoka kwenye puli ya pampu ya dizeli kwenda kwenye puli moja tu ya kamshafti. Krankshafti inaisukuma pampu kwa gia. Kwa hiyo watu wanaidharau, "ule mkanda wa nusu saa". Ni kweli kuubadilisha ni rahisi, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ikiwaka inakukumbusha. Shida ni pale sili ya kamshafti inapovuja na inabidi puli itoke. Dereva anataka kwenda Serengeti kesho alfajiri, fundi ana haraka, analegeza bolti ya puli huku mkanda wa zamani ndio unaozuia. Mkanda uleule unarudishwa. Meno yake yameshachoka, huyaoni kwa macho. Kisha kava lake linarudishwa bila gasketi, na lami inaishia lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Vumbi la kule linaingia kila mahali, na mkanda uliolowa oili ukapata vumbi unakuwa msasa. Sili ikivuja mpaka kwenye mkanda, mkanda ni mpya, hakuna mjadala. Dereva akilalamika, mwambie achague kati ya kulalamika hapa au kulalamika katikati ya Ndutu na wageni sita nyuma.

Wewe mwenye gari, huna haja ya kujua yote haya. Fanya mambo mawili. Mwambie fundi akupigie picha ya alama kabla hajafungua na baada ya kufunga. Fundi mwenye akili hakasiriki, atafurahi kuona unajali. Na usimsimamie kichwani wakati wa kuzungusha kwa mkono. Nenda kanywe chai.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama cheni ikibadilishwa na sproketi zibadilishwe. Jibu langu linatoka kwenye kucha: pitisha ukucha kwenye jino la sproketi ya zamani, upande unaobeba mzigo. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Kama upande mmoja ukucha unanasa, jino limejipinda kama ndoano, cheni mpya itachakaa kwa kasi ya ile ya zamani. Badilisha pamoja, na ile ndogo ya chini ndiyo uiangalie kwanza kwa sababu inazunguka mara mbili zaidi. Sproketi ya VVT-i ni ghali. Kama meno yake ni mazima na haina kelele asubuhi, iache. Wiki iliyopita mteja wa Njiro alinunua seti nzima mtandaoni kwa bei ya kuku wawili, sproketi zikaja hazina hata alama ya taiming. Nimezitundika ukutani, karibu na kamba ya katani.